Kuchagua Dawa ya Kuosha Injini ya Gari

Fungua boneti ya Toyota IST au Probox yenye injini ya 1NZ, mojawapo ya zile zilizojaa barabarani kwetu. Bloku ni ya alumini, silinda hedi ni ya alumini, manifodi ya kuingizia hewa ni ya plastiki, na juu ya kila plagi imekaa koili yenye soketi yake ya umeme. Pembeni kuna mipira ya rejeta, mkanda, sensa na nyaya. Dawa utakayonyunyiza humo itagusa vitu hivi vyote, vichafu na visivyo vichafu. Ndiyo maana ninasikitika kila nikisikia mtu anaingia dukani na kuomba “ile kali kabisa”.

Nianze na vile ambavyo havikuuzwa kwa kazi hii lakini vinatumika kila siku. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse kwenye jua la saa saba mchana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hushuka na kutuama chini ya gari, na cheche ya betri inatosha kuulipua. Usiitumie kuoshea injini, iwe kidogo, iwe uwanjani. Mafuta ya taa yana nafuu kidogo tu: mvuke wake unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 38 hivi, na manifodi ya eksozi ya gari lililotoka safari ina joto la kupita hapo mara kadhaa.

Hata moto usipotokea, mafuta ya taa yana hasara nyingine. Hayachanganyiki na maji, hivyo ukisuuza hubaki utando mwembamba, na vumbi la wiki moja likinasa humo injini inarudi kuwa chafu kuliko mwanzo. Tena mipira mingi ya rejeta ya magari ya kisasa imetengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao huvumilia maji ya moto na kulanti lakini hunywa mafuta, ukavimba na kulainika. Maunti za injini, ambazo mara nyingi ni mpira wa asili, hudhurika vivyo hivyo.

Dawa zenyewe za dukani ni za aina mbili kubwa. Kuna zinazotegemea viyeyusho vya petroli vilivyotiwa sabuni ili zisuuzike kwa maji. Hizi hukata grisi nzito upesi, lakini zinawaka na harufu yake inaumiza kichwa mahali pasipo na hewa. Baadhi hutumia mafuta ya maganda ya machungwa. Harufu ni tamu, lakini nazo zinawaka na zinaweza kuharibu baadhi ya plastiki na mipira. Aina ya pili ni zilizotengenezwa kwa maji na alkali, na hapa ndipo pa kutazama kwa makini.

Ukali wa alkali hupimwa kwa kipimo cha pH, kutoka 0 hadi 14, na 7 ni katikati. Kila hatua moja juu ni ukali mara kumi. Dawa yenye 13 basi si “kali kidogo” kuliko yenye 11. Ni mara mia. Nyingi za juu kabisa zina kostiki soda, ileile wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Kostiki hula alumini: inatoa povu la gesi ya hidrojeni, na alumini inabaki na madoa ya kijivu yasiyofutika. Injini kuukuu yenye bloku ya chuma cha kutupwa inaweza kuvumilia, ila hata hiyo mara nyingi hedi yake ni ya alumini. Kwa gari la kawaida la nyumbani, ushauri wangu ni dawa ya maji yenye pH ya 9 hadi 11, inayoruhusu kuchanganywa na maji, na iliyoandikwa wazi kwamba ni salama kwa alumini.

Lebo nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, lakini michoro haihitaji lugha. Tafuta vialama vya pembe nne vyenye ukingo mwekundu. Ukiona kimiminika kinadondokea mkono na kipande cha chuma, hiyo inababua ngozi au inakula chuma, iache dukani. Mwali wa moto maana yake inawaka. Chupa isiyo na lebo, iliyojazwa upya kutoka kwenye dumu, usiinunue hata kwa bei ya kutupwa.

Dawa ya wastani inahitaji muda na brashi. Subiri injini ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua. Funika kwa nailoni alternata, koili, boksi la fyuzi na mdomo wa eya klina. Jaribu dawa sehemu ndogo kwanza, kisha nyunyiza penye oili, acha dakika 3 hadi 5 bila kukauka, sugua, na usuuze kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha husukuma maji ndani ya soketi na visima vya plagi, na gari linaanza kumisi. Vaa glavu na miwani. Dawa ikiingia jichoni, lioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Gari la haibridi lenye nyaya nene za rangi ya machungwa mpelekee fundi anayelijua.

Maji machafu yasielekezwe mtaroni. Mitaro yetu inaishia mitoni, na Mto Msimbazi wa Dar es Salaam unaishia baharini. Osha panapokinga oili. Na ukipeleka gari kuoshwa, kabla hujafungua boneti muulize kijana wa hapo akuonyeshe chupa ya dawa anayotumia. Akikuletea dumu la mafuta ya taa, mwambie aoshe bodi tu.