Ukaguzi wa Pikipiki Kuukuu Milimani: Kinachotazamwa na Kinachopimwa

Katika vijiji vingi vya Uluguru, mahali barabara ya gari inapoishia ndipo kazi ya pikipiki inapoanza. Chombo hiki chenye injini ndogo, ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, huteremsha ndizi na mananasi ya Kinole, hupeleka kabichi na karoti za Mgeta hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, na usiku humbeba mama mjamzito ambaye zahanati iko mbali naye. Pikipiki nyingi kati ya hizo zimetumika kwa miaka mingi na kupita katika mikono ya wamiliki kadhaa. Kwa hiyo, pamoja na kuuliza kama pikipiki imekaguliwa, abiria ana haki ya kuuliza ukaguzi huo uliweza kugundua nini.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inataka chombo kinachotumika barabarani kiwe katika hali nzuri, na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi kina wakaguzi wa kazi hiyo. Stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama hutolewa baada ya ukaguzi. Kwa pikipiki za abiria ipo pia leseni ya usafirishaji, iliyo chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Lakini hakuna stika inayotofautisha pikipiki itakayozunguka Msamvu, penye tambarare, na ile itakayoteremka kutoka Nyandira ikiwa na abiria na magunia.

Ukaguzi wa kuaminika hujulikana kwa mambo mawili. Kwanza, wakaguzi wawili wakipewa pikipiki ileile siku moja, wafikie jibu moja. Pili, jibu hilo liwe kweli pia katika barabara ambayo pikipiki itatumika. Ukaguzi wa kutazama kwa macho hushindwa katika jambo la kwanza, kwa kuwa neno “nafuu” halina kipimo. Ukaguzi unaofanyika uwanjani, injini ikiwa baridi na kiti kikiwa kitupu, hushindwa katika la pili.

Breki ya nyuma ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Katika pikipiki nyingi ndogo breki hiyo ni ya ngoma: viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga hutanuka ndani ya ngoma ya gurudumu na kuisugua. Viatu vikilika, kanyagio hushuka zaidi, na dereva huikaza nati iliyo kwenye ncha ya ufito wa breki. Papo hapo kanyagio huwa gumu tena. Mkaguzi anayelibonyeza huridhika, ilhali ndani ya ngoma utando wa kusugua umebaki mwembamba kama ganda la muwa. Kanyagio gumu huonyesha kwamba nati imekazwa, na halionyeshi zaidi ya hapo.

Ipo njia ya kuligundua hilo bila kufungua gurudumu. Breki ikanyagwe kwa nguvu, kisha itazamwe pembe iliyopo kati ya ufito na mkono mdogo unaoingia kwenye ngoma. Ikizidi nyuzi 90, viatu vimekwisha, hata kama kanyagio ni gumu kama jiwe. Baadhi ya pikipiki zina mshale mdogo na alama pembeni mwa ngoma kwa kazi hiyohiyo, ingawa kwa pikipiki kuukuu alama hizo mara nyingi zimefunikwa na tope au zimefutika. Panapokuwa na shaka, gurudumu lifunguliwe na utando upimwe kwa rula. Watengenezaji wengi huweka kikomo karibu na milimita 2.

Milimita hizo zina uzito wa pekee katika nchi ya miteremko. Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kimhandu hupita mita 2,600. Vijiji na mashamba vimetawanyika katikati. Pikipiki ya kilo 110, pamoja na dereva, abiria na mzigo wa kilo 60, hufikia kwa urahisi kilo 300. Ikiteremka kimo cha mita 1,000 bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kumezwa njiani ni takriban jouli milioni 3, joto linalotosha kuchemsha lita 9 za maji. Sehemu humezwa na upepo, na sehemu na injini ikiwa katika gia ndogo. Inayobaki huingia kwenye breki. Ngoma ikipata moto hutanuka na kujitenga na viatu, na utando wenyewe hupoteza uwezo wa kushika. Dereva anayezima injini ili kuokoa petroli amejinyima msaidizi wake mkubwa, na breki iliyofaulu uwanjani asubuhi inaweza kumwacha kwenye kona ya tatu.

Breki ya mbele nayo inastahili kutajwa, kwa sababu wapo madereva wanaoilegeza makusudi wakihofia kupinduka. Kwenye mteremko uzito huhamia gurudumu la mbele, na hapo ndipo penye uwezo mkubwa zaidi wa kusimamisha, mradi ibanwe taratibu, hasa kwenye changarawe na tope la masika. Pikipiki isiyo na breki ya mbele isipite katika ukaguzi.

Mnyororo hupimwa katikati ya upande wa chini. Kwa kawaida uchezaji wa milimita 20 hadi 30 unatosha. Kipimo kirudiwe gurudumu likiwa limezungushwa mara kadhaa, kwani mnyororo wa zamani hunyooka bila usawa: hapa umelegea, pale umekaza. Tairi kipara huonekana na kila mtu. Spoki zilizolegea hazionekani, lakini zikigongwa kwa spana moja baada ya nyingine, iliyolegea hutoa sauti iliyokufa. Gurudumu la mbele likiinuliwa na kuvutwa huku na huku, mgongano unaosikika shingoni mwa usukani ni dalili ya beringi zilizochakaa.

Uingereza ilianza ukaguzi wake wa lazima, uitwao MOT, mwaka 1960, na ulianza kwa magari yenye umri wa miaka 10 na zaidi. Leo pikipiki huko hukaguliwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitatu, na kina cha kashata za tairi kina kikomo cha milimita 1. Hata hivyo, cheti chao huhesabiwa kuwa ushahidi wa hali ya chombo wakati kilipopimwa tu. Kama ndivyo ilivyo kwa barabara za lami, mwaka mmojamoja ni muda mrefu mno kwa pikipiki inayovuka tope kila siku.

Kosa la mkaguzi huweza kwenda pande mbili. Akikataa pikipiki nzima, dereva hupoteza riziki ya siku, naye mara nyingi ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo. Akiipitisha mbovu, gharama huangukia mwili wa mtu. Kipimo kilichoandikwa huwalinda wote wawili: karatasi inayosema “utando milimita 1.5, mnyororo milimita 45” inaweza kubishaniwa kwa rula, na fundi anajua cha kubadilisha. Namba ya chesesi iandikwe pia, na vioo vya pembeni vitazamwe kama vimefungwa kwa nati zake, maana kuazima vioo asubuhi ya ukaguzi si jambo geni.

Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, dereva wa milimani anaweza kuhesabu mizunguko ya nati ya breki anayoikaza kila wiki na kuiandika kwenye daftari la mafuta. Mizunguko ikianza kuongezeka wiki hadi wiki, au nati ikikaribia mwisho wa nyuzi zake, gurudumu lifunguliwe kabla ya safari inayofuata ya kuteremka.