Mtoto Anapoharisha, Jino Halina Kosa

Wadogo zangu, leo nina swali moja tu kwenye kona yetu, lakini wengi wenu mtajiona humo.

Limetoka kwa mdogo wetu wa Mbagala. Mtoto wake wa kwanza ana miezi 8, anaharisha tangu juzi na usiku mwili unachemka. Mama mkwe amemfungua mtoto mdomo, akapitisha kidole kwenye fizi na kusema haya ni meno ya plastiki, na mtaa wa pili yupo mzee anayejua kuyatoa. Jirani naye amekuja na shauri la dawa ya flajili. "Dada, shikamoo," ameandika, "kila mtu hapa ana neno lake na mtoto wangu anazidi kulegea. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu. Wewe nilikujibu siku ile ile: mtoto aliyelegea habaki nyumbani, mbebe uende kituo cha afya, na njiani uendelee kumnyonyesha. Hapa nawaandikia wenzako ambao watoto wao bado wanacheza, maana elimu hii inafaa kuwa kichwani kabla ya usiku wa kuhitajika.

Tuanze na hayo meno. Nawaomba sana, mtu yeyote asiguse fizi za mtoto kwa wembe, sindano au spoku ya baiskeli. Meno ya plastiki hayapo. Kinachoonekana kimevimba kwenye fizi, mahali pa chonge, ni jino la utotoni linalojiandaa kutoka. Likichimbuliwa kabla ya wakati wake huwa bado laini na jeupe, ndiyo maana mzee anapokuonyesha kiganjani unaamini kabisa kwamba ametoa plastiki. Ametoa jino la mwanao. Mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji sasa anavuja na damu, ana kidonda kinywani kinachomfanya akatae titi, na kifaa kilichoingia kwake huenda kimetoka kwa mtoto mwingine. Kwa njia hiyo watoto wamepata pepopunda, maambukizi kwenye damu na upungufu mkubwa wa damu. Yapo pia maambukizi ya VVU ya kuogopwa. Wapo waliofariki.

Naelewa kwa nini wazee wetu wanaamini hivyo. Kuanzia miezi 6 mambo mengi humfika mtoto kwa pamoja. Meno yanaanza kusukuma, uji unaanza, mtoto anaanza kutambaa, anaokota kila kitu sakafuni na kukipeleka mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama nayo inapungua. Anaharisha, unamtazama mdomoni, unaona fizi zimevimba, basi jino linabeba lawama. Chanzo kiko kwenye kile kilichoingia mdomoni: vidole vichafu, uji uliolala, maji yasiyochemshwa, au kirusi kiitwacho rota ambacho hupita mtoto kwa mtoto kwa urahisi mno.

Sasa tuje kwenye kinachomwangusha mtoto. Kila anapoharisha hutoka maji na chumvi za mwili. Mtoto mdogo hana akiba kubwa, kwa hiyo saa chache za kuharisha sana na kutapika zinatosha kumfikisha pabaya. Kazi yako ya kwanza ni kurudisha yale maji kadiri yanavyotoka, na dawa ya kazi hiyo ni ORS, ile pakiti ya unga inayouzwa bei nafuu dukani na kutolewa zahanati.

Watu wengi wanaidharau kwa sababu inaonekana ni chumvi na sukari tu. Hebu niwaambie inavyofanya kazi. Utumbo wa mtoto anayeharisha hushindwa kuyashika maji matupu vizuri, lakini bado una njia ambayo glukosi na chumvi hupita pamoja, na zikipita huvuta maji nyuma yake. Ndiyo maana vipimo vya pakiti ile vimewekwa kwa hesabu. Mwaka 1971, wakati wa vita vilivyozaa taifa la Bangladesh, wakimbizi walijazana mji wa Bangaon nchini India na kipindupindu kikawaingia. Dripu zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya glukosi na chumvi kwenye maji, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanawanywesha wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vilishuka chini ya 4. Kumbukeni hilo siku mtu akiwaambia kwamba bila dripu mtoto hajatibiwa.

Tuchanganye pamoja. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Pakiti nyingi za ORS ni za lita 1, lakini soma ulicho nacho mkononi. Kama huna jagi la vipimo, chukua chupa safi ya maji ya kunywa ya lita 1, au chupa 2 za nusu lita. Pima maji yaliyochemshwa na kupoa, mimina kwenye jagi lenye mfuniko, kisha tia unga wote wa pakiti na ukoroge mpaka usiione chembe. Usigawe pakiti kwa kukadiria, usiongeze sukari ili iwe tamu, usitie soda wala juisi. Onja: iwe na chumvi kama ya machozi, isizidi hapo. Funika. Ikifika saa 24, mwaga iliyobaki na utengeneze nyingine.

Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe mililita 50 hadi 100, yaani robo mpaka nusu kikombe. Wa miaka 2 na kuendelea mpe 100 hadi 200, nusu kikombe mpaka kikombe kizima. Mnyweshe kwa kijiko, kidogo kidogo. Usimpe kwa chupa ya chuchu, haisafishiki vizuri. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu zaidi. Hapo ndipo kina mama wengi hukata tamaa na kusema mtoto haikubali. Anaikubali, ila inataka subira: kijiko, pumzika, kijiko tena. Mpe na baba zamu yake ya kushika kijiko.

Pamoja na ORS omba zinki. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, na wa miezi 6 kwenda juu miligramu 20, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji safi au maziwa yako uliyokamua. Zinki hupunguza ukali na siku za kuharisha, na humkinga mtoto asirudiwe haraka katika miezi michache inayofuata. Kwa hiyo usiache siku ya 3 kwa kuwa choo kimekuwa kizito. Maliza dozi.

Chakula je? Titi liendelee, tena zaidi ya siku za kawaida. Aliyeanza kula aendelee kula: uji, viazi vilivyopondwa, ndizi, mtori, supu. Ile desturi ya kumkatia mtoto chakula ili tumbo lipumzike inamwongezea udhaifu. Akishapona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2 ili arudishe uzito, na uhakikishe kwenye kadi ya kliniki kwamba mstari wake unapanda.

Na flajili ya jirani? Iacheni kwake. Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo kunaletwa na virusi, na dawa za kuua bakteria au amiba haziviui. Dawa hizo zina kazi yake, na mwenye kuiamua ni mhudumu wa afya, kwa mfano choo kikiwa na damu. Vidonge vya kufunga tumbo ndiyo kabisa msimpe mtoto. Na mtoto mwenye homa apimwe malaria siku hiyo hiyo, hata kama unadhani ni tumbo tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa hakuna kungoja asubuhi. Mpeleke mtoto kituoni mara moja ukiona hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au choo kina damu. Tazama macho kama yameingia ndani. Kwa mtoto mchanga, gusa utosi kama umebonyea. Kisha jaribu hili: shika kidogo ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, kwa vidole viwili, ivute, uiachie. Ngozi ya mtoto mwenye maji ya kutosha hurudi papo hapo. Ikirudi polepole, ukaona mkunjo umebaki hata kidogo, maji yamepungua mwilini. Mtoto wa chini ya miezi 2 akiumwa, ugonjwa wowote, usimtibu nyumbani. Na kuharisha kukifika siku 14 apimwe upya, hata kama anacheza.

Akiwa na kikohozi pia, funua kifua na umhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 mpaka 5 akifikisha 40, au sehemu ya chini ya kifua ikiwa inabonyea ndani anapovuta pumzi, hiyo huenda ni nimonia na matibabu yake yako kituoni. Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Nalisema hilo kwa sababu ndugu wa meno ya plastiki ni kimeo, na wembe ni ule ule.

Kinga je? Titi peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila maji, bila uji mwepesi, bila kuonjesha asali. Ukianza kumlisha, pika kiasi cha kuisha, na kilicholala kichemshwe upya kabla hajala. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yakae kwenye chombo chenye mfuniko na yachotwe kwa kata yenye mpini. Nawa kwa sabuni ukitoka chooni, ukimaliza kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha. Kinyesi cha mtoto kitupwe chooni, maana kina vijidudu kama cha mtu mzima. Nimeona uani nepi zinasuuzwa kwenye karai lile lile la kuoshea mboga. Tenganisheni vyombo, wadogo zangu.

Chanjo nazo zina sehemu kubwa. Chanjo ya rota iliingia kwenye ratiba ya Tanzania mwaka 2013, hutolewa kwa matone mdomoni na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Ya surua na rubela ni mara 2, miezi 9 na miezi 18. Hiyo ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, kwa sababu mtoto ameshakuwa mkubwa na mama amerudi kazini. Surua humshusha mtoto kinga na kumwachia kuharisha kukali na nimonia, kwa hiyo toeni kadi mtazame tarehe. Kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5 kuna matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, na dawa za minyoo kuanzia mwaka 1. Hutolewa kwa kampeni Juni na Desemba, basi mkisikia gari la matangazo mtaani tokeni.

Limebaki suala la mama mkwe, ambalo najua ndilo linalowanyima usingizi. Usibishane naye mbele za watu na usimwambie kwamba mambo yake ni ya kizamani. Mama huyu amelea, na hofu yake inatokana na upendo. Mwambie hivi: "Mama, nimekusikia. Naomba kwanza tumpeleke zahanati, nawe twende wote ukasikie wanachosema." Mama mkwe aliyemwona mjukuu wake akinywa ORS na kufumbua macho ndiye atakayewatetea watoto wa mtaa mzima. Nanyi kina baba mnaosoma kona hii, nauli ya bodaboda ya usiku iwekwe pembeni mapema, na ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali isisubiri mpaka urudi safari. Mama asiombe ruhusa ya kuokoa uhai.

Kwa hiyo nawapa kazi ya wiki hii. Nunueni au ombeni pakiti 2 za ORS na zinki, muangalie tarehe ya kuisha muda, mziweke mahali pakavu ambapo kila mtu mzima nyumbani anapajua, dada wa kazi akiwemo. Mfundisheni na yeye kuchanganya, kwa sababu mara nyingi ndiye anayekuwa na mtoto kuharisha kunapoanza. Na mtu akija na habari za meno ya plastiki, mpeni kikombe na kijiko aanze kumnywesha mtoto.