SOMO: SHAMBA LA NABOTHI NA VINU VYA UPEPO

(Someni kwanza 1 Wafalme 21:1–16)

Tufundishapo habari hii hukimbilia kumlaumu Yezebeli. Leo tumtazame Ahabu. Mfalme alikwenda mwenyewe kwa Nabothi, akaomba, akataja na bei nzuri: shamba bora zaidi, au fedha. Basi hakukosa kuuliza. Alilokosa ni nafasi moyoni ya kupokea jibu la "La".

Huko Loiyangalani, katika Marsabit, vilisimamishwa vinu 365 vya upepo vyenye nguvu ya megawati 310. Umeme ni jambo jema, nasi tunauhitaji. Lakini ardhi ile, ekari 150,000, ilikuwa malisho ya jumuiya, imeshikwa kwa amana na halmashauri. Wenyeji walishtaki mwaka 2014. Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati zilitolewa bila kufuata sheria ya kutenga ardhi ya jumuiya. Wakati huo vinu vilikuwa vimekwisha kupeleka umeme tangu 2018! Mchungaji wa ngamia angeulizwa nini tena?

Basi baraza la namna hii likiitwa kwetu, twende sote, na akina mama wasikae nyuma kimya. Tuulize: hati itaandikwa kwa jina la nani? Kwa miaka mingapi? Mifugo itapita wapi? Na swali zito kuliko hayo: tukikataa, itakuwaje? Nayo karatasi ya mahudhurio tuisome kichwa chake kabla ya kutia sahihi, isije ikahesabiwa kuwa ndiyo idhini yetu.