Klipu Hazivunjiki Zenyewe: Somo Nililolipata kwenye Mlango wa Gari la Mjomba

Nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi mitambo nilikuwa najiona fundi tayari. Likizo ya masika nilimkuta mjomba, ambaye anaishi kwa kuendesha teksi, kioo cha mlango wa dereva kimeshuka na hakipandi. Mvua ikinyesha analowa, na gari hawezi kuliacha popote bila mtu wa kulilinda. Gereji walitaka hela ya mashine ya kioo pamoja na ufundi. Nikamwambia, "Mjomba, nunua spea tu, ufundi niachie mimi." Akacheka. "Haya mjomba, kazi kwako mhandisi."

Nilitoa skrubu mbili nilizoziona, nikachomeka bisibisi bapa kwenye kona, nikavuta ganda la ndani la mlango kwa mikono miwili. Paa! Klipu tatu zikakatika na vijumba viwili vinavyozishika vikapasuka. Kumbe skrubu ya tatu ilikuwa imejificha nyuma ya kitasa cha ndani. Kioo kilipona, lakini kuanzia siku ile mlango ukawa unapiga kelele kwenye kila tuta. Mjomba hakunisema. Alikunja kipande cha boksi, akakichomeka kwenye upenyo, akarudi barabarani. Kile kipande cha boksi kilinisuta kuliko maneno.

Mwaka uliofuata field nilifanyia gereji, nikafungua milango mingi chini ya macho ya fundi. Haya ndiyo niliyojifunza, na wewe unayetaka kubadilisha spika au mashine ya kioo yatakufaa.

Kwanza, ielewe klipu. Upande mmoja ina kichwa bapa kinachokaa kwenye kijumba cha plastiki nyuma ya ganda. Upande wa pili ina pua yenye mabawa, inayoingia kwenye tundu la bati. Ukisukuma, mabawa yanajibana, yanapita, kisha yanafunguka kwa ndani. Inatakiwa itoke kwa njia ileile, ikivutwa moja kwa moja kutoka kwenye bati. Ukivuta ganda mbali na klipu, ganda linapinda na klipu inavutwa kiubavu. Hiyo ni momenti ileile tuliyoifanyia maswali mwaka wa kwanza: mkono ni mrefu, na mzigo wote unaishia kwenye shingo ya klipu. Klipu ni bei ndogo. Hasara ni kijumba, kwa sababu ni sehemu ya ganda lenyewe.

Pili, tafuta skrubu zote kabla ya kuvuta chochote. Kwenye Toyota nyingi angalia nyuma ya kitasa cha ndani, ndani ya mkono wa kuvutia mlango, na chini ya vifuniko vidogo vinavyotoka kwa ukucha. Kile kipembe cha plastiki karibu na kioo cha pembeni nacho mara nyingi hutolewa kwanza. Piga picha kila hatua.

Tatu, nguvu iwe karibu na klipu. Tumia kabari ya plastiki. Kama huna, funga bisibisi bapa kwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Anzia kona ya chini, telezesha kabari hadi igote kwenye klipu, kisha inua hapohapo. Utasikia "tap". Nenda kwenye inayofuata. Plastiki iliyokaa juani miaka mingi hukauka na kuwa kama biskuti, na asubuhi ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Acha gari lipate joto la jua kwanza. Sehemu ikigoma kabisa, usiongeze nguvu. Rudi utafute skrubu uliyoisahau.

Nne, klipu zikishaachia, usilinyakue ganda. Juu limening'inia kwenye ukingo wa kioo, kwa hiyo linyanyue kwenda juu. Nyuma yake kuna nyaya za swichi na waya wa kitasa. Plagi hutolewa kwa kubonyeza kikufuli chake, si kwa kuvuta nyaya. Ile nailoni iliyobandikwa kwenye bati ibandue taratibu na uirudishe. Kazi yake ni kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari.

Tahadhari moja: ukiona maandishi SRS AIRBAG kwenye sehemu unayotaka kufungua, kwa mfano kwenye nguzo za pembeni, hapo pana mfuko wa hewa. Miongozo ya Toyota inataka uchomoe waya hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90. Kama huna uzoefu, mwachie fundi.

Kurudisha ndiko wengi tunakoharibu. Klipu zilizobaki kwenye bati zitoe na uzirudishe kwenye vijumba vyake. Zilizokatika nunua mpya, na uende dukani na sampuli, maana zinafanana kwa macho lakini unene hutofautiana. Unganisha plagi, jaribu kioo na kitasa kabla ya kufunga. Ning'iniza ganda juu, lenga kila klipu kwenye tundu lake, kisha gonga kwa kiganja juu ya klipu yenyewe. Isipoingia, simama uangalie, pengine imelala. Skrubu ziwe za mwisho, na usizikaze kupita kiasi. Wala usitoboe ganda ili upige skrubu mpya pale klipu ilipokatika, kwa sababu nyuma yake kuna kioo na nyaya.

Bumu lilipotoka nilinunua klipu na gundi ya epoksi, nikaenda kwa mjomba. Nilijenga upya vile vijumba viwili, tukaacha gundi ikauke usiku kucha. Asubuhi nilifunga mlango kwa kiganja tu. Mjomba akazunguka mtaa mzima akipita kwenye matuta makusudi, kimya. Aliporudi akaniuliza, "Na ile swichi ya taa ya ndani, mjomba, unaweza?"

Nikamjibu, "Subiri kwanza niangalie skrubu ziko wapi."