Mafunzo Matano Niliyopata Nikiandaa Hotuba ya Kifaransa

Nilipojiandikisha kufanya mtihani wa Kifaransa wa DELF, ngazi ya B2, hapa Dar es Salaam, niliogopa zaidi sehemu ya kuzungumza. Unaokota mada mbili, unachagua moja, unapewa dakika 30 za kujiandaa. Kisha unatetea msimamo wako na kujibu maswali ya watahini, jumla kama dakika 20. Mtihani una sehemu nne zenye alama 25 kila moja. Kufaulu ni 50, lakini ukipata chini ya 5 katika sehemu yoyote, umeanguka.

1. Hoja itangulie

Hotuba yangu ya kwanza ya mazoezi ilihusu marufuku ya plastiki. Niliianza kama tunavyoanza huku kwetu: shukrani kwa Mwenyezi Mungu, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa. Dakika mbili zilikatika mwalimu wangu hajajua natetea nini. Akanipa hotuba ya Robert Badinter, Waziri wa Sheria wa Ufaransa wa wakati huo, aliyoitoa bungeni tarehe 17 Septemba 1981. Katika sentensi ya kwanza kabisa aliwaomba wabunge wafute adhabu ya kifo. Kesho yake 363 walikubali, 117 wakakataa.

2. Andika mifupa, si nyama

Nilizoea kuandika kila neno. Dakika 30 zikiisha, nilikuwa na utangulizi mzuri na hitimisho hakuna. Isitoshe, anayesoma karatasi hamtazami msikilizaji. Sasa naandika msimamo wangu, hoja tatu, mfano mmoja kwa kila hoja, na sentensi ya mwisho. Hiyo ya mwisho tu ndiyo ninayoiandika yote.

3. Mpe mpinzani haki yake

Hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Nilikuwa nimejaza hotuba ile ya plastiki takwimu na lawama. Mwalimu akauliza, "Na mama wa genge, nyanya zake atafungia nini?" Sikuwa na jibu. Nilikumbuka Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, jinsi mama wa genge la mtaani kwetu alivyosimama na nyanya mkononi akiniuliza kama nimekuja na kikapu. Rambo za plastiki hakuwa nazo tena, na mfuko mbadala ulikuwa wa kununua.

Kifaransa kina neno la kumpa mpinzani haki yake: *certes*, yaani "ni kweli". *Certes*, marufuku inamgharimu muuzaji mdogo. *Mais*, yaani "lakini", mitaro iliyozibwa na plastiki inamgharimu zaidi mvua ikinyesha, maji yakiingia gengeni kwake. Tangu nilipomwingiza yule mama ndani ya hotuba, hoja zangu zilipata uzito.

4. Kiswahili chako ni msaada

Niliandika *il faut que nous agissons*, mwalimu akazungushia duara jekundu. Inatakiwa *agissions*. Kanuni ya kubadili kitenzi baada ya *il faut que*, yaani "lazima", ilinisumbua mpaka nilipoisikia katika lugha yangu. Hatusemi "lazima tunachukua hatua". Tunasema "lazima tuchukue". Ile *-e* ya mwisho inafanya kazi ileile. Anayeshawishi huishi ndani ya umbo hilo la kitenzi, kwa kuwa kila mara anaomba jambo ambalo bado halijafanyika.

5. Sema kwa sauti

Herufi nyingi za Kifaransa huandikwa zisitamkwe, na nyingine huamka zikikutana na irabu: *les enfants* husikika "lezanfan". Karatasi haikuonyeshi hayo. Nilijirekodi kwa simu kila jioni, na kila sentensi iliyonikata pumzi niliigawa mara mbili.

Nilifaulu, ila cheti si faida pekee niliyoipata. Ndugu yangu unayejiandaa, kabla hujashika kalamu, mtafute mtu anayepinga msimamo wako. Msikilize mpaka amalize, usimkatize. Hotuba yako inaanzia hapo.