Wingi wa Shughuli si Maendeleo



Ukimjulia hali mtu wa mji leo, mara nyingi hakwambii kuwa ni mzima, bali hukwambia kuwa ana shughuli nyingi. Na neno hilo hulitamka kwa fahari, kana kwamba wingi wa shughuli ni cheo. Katika somo letu hili twataka kuuliza: je, kila mwenye shughuli huwa anakwenda mbele? Au yawezekana mtu akahangaika tangu alfajiri mpaka isha na asipige hata hatua moja?

Wazee wetu walikwisha kulijibu swali hili waliposema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Akimbiaye sakafuni hutoka jasho sawasawa na akimbiaye njiani, walakini hafiki popote.

Mtume wetu (S.A.W.) ametutahadharisha kwamba watu wengi hupunjika katika neema mbili: afya na faragha. Wengi wetu twadhani mwenye kupunjika katika faragha ni yule alalaye tu. Sivyo. Aliyeijaza faragha yake kwa mambo yasiyo na tija amepunjika kama aliyelala, na pengine zaidi, kwani aliyelala huweza kuamka akajuta, na huyu hajui kuwa amepotewa na kitu. Katika Suratul Kahf tumeonywa juu ya watu ambao juhudi yao imepotea hali wao wanadhani kuwa wafanya vyema. Aya hizo zawahusu waliokanusha, lakini mwenye akili huchukua onyo hata katika habari ya mwenziwe.

Twaandika haya tukiwa Tarasaa, na mto Tana ni mwalimu wetu wa karibu. Mkulima wa kando ya mto huu huyatazama maji kwanza. Mto hufurika, hutandaza tope lenye rutuba, kisha maji hushuka, na hapo ndipo hupanda katika ardhi iliyolowa. Mgeni asiyeujua mto akimkuta ameketi chini ya mwembe atamwita mvivu. Lau mkulima huyo angelipanda kabla ya wakati ili tu aonekane hodari, maji yangeliichukua mbegu na jasho lake pamoja. Kungoja kwake ni katika kazi yake, kwa kuwa anajua anangoja nini.

Sasa na tuutazame mto huu huu kule juu, Bura. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kusaidia mradi mkubwa wa kilimo cha kumwagilia maji, wa pamba na mahindi, uliokusudiwa kufika kiasi cha hekta 6,700. Kazi ilifanyika kweli kweli: pori lilifyekwa, mifereji ikachimbwa, nyumba zikajengwa, familia zikaletwa kutoka mbali. Walakini jambo moja ambalo mengine yote yalilisimamia, nalo ni maji ya kutegemewa, lilikuwa dhaifu. Njia ya kuyaleta maji yaje yenyewe kutoka mtoni haikujengwa wakati ule. Yakategemewa mapampu ya dizeli, nayo yakawa yaharibika mara kwa mara, na mimea ikikauka shambani. Hekta zilizolimwa zilikuwa kiasi cha 2,500 tu, na ilipomalizika miaka ya 1980 mradi ulikuwa umeanguka. Si kwamba watu walikaa bure. Walishughulika na matawi, na shina likabaki bila maji.

Lakini haifai kuwanyoshea wengine kidole na sisi tukajisahau. Darasa yetu iliazimia kukiinua chuo cha watoto. Mwaka mzima tulikutana kila Alkhamisi baada ya isha. Tuliunda kamati, na kamati zikazaa kamati. Tulichangisha fedha, tukapaka rangi kuta, tukanunua vipaza sauti, na simu zetu hazikunyamaza usiku wala mchana. Mwisho wa mwaka mmoja wetu akampa mtoto ukurasa asiouhifadhi, akamwambia asome. Mtoto akazitazama herufi, akanyamaza. Tukamwita wa pili, naye akanyamaza. Ikadhihirika kuwa wengi wao walikuwa wakifuatisha sauti tu, na kusoma hawajui.

Tulipomuuliza mwalimu, alijibu kwa adabu, na jibu lake lilituumiza: jioni nyingi sisi wenyewe ndio tuliomwita vikaoni kutoa ripoti ya chuo, naye akawaacha watoto na mwanafunzi mkubwa. Basi shughuli yetu ya kukisaidia chuo ndiyo iliyokiondolea mwalimu.

Kwa nini mtu hunaswa na mtego huu? Twaona ni kwa sababu shughuli huonekana. Mkutano una watu, una chai, una picha. Kumkalisha mtoto mmoja mbele ya herufi moja hakuna wa kukushangilia. Na tena, mwenye kwenda mbio hana nafasi ya kujiuliza swali zito. Hali kadhalika mwenye duka afunguaye alfajiri na kufunga usiku, asipate hata saa moja ya kuhesabu madeni yake: siku moja hukuta kuwa jasho lote lilikuwa la kuwatajirisha wengine.

Huenda mtu akasema kuwa twawafundisha watu uvivu. Hasha! Kazi ni wajibu, na mvivu hana hoja katika maneno yetu haya. Tunalolitaka ni kazi yenye mwisho unaojulikana. Kwanza, mtu alitaje kusudio lake kwa namna ambayo jicho laweza kulithibitisha. Pili, kila shughuli aiulize yalisaidia vipi kusudio hilo; isiyosaidia aiache, hata ikiwa yapendeza. Tatu, ajihesabu nafsi yake kila wiki, na Ijumaa ni siku njema kwa hesabu hiyo.

Sisi tumepunguza vikao vyetu, sasa twakutana mara moja kwa mwezi. Mwalimu haitwi popote saa za masomo, na kila mtoto husoma mbele yake kila siku, japo mistari mitatu. Hatudai kuwa tumefika. Lakini tukiulizwa leo tumefanya nini, hatufungui tena daftari la mikutano. Twamwita mtoto, twampa ukurasa, naye asoma.

Mwenyezi Mungu atujaalie kazi zenye manufaa na nyakati zenye baraka. Amin.