Dondoo muhimu: Kubebesha miembe Kilosa na Mikumi

Ukitaka Dodo, Bolibo au Apple kwenye mche wa embe la kienyeji, zingatia haya:

1. Chagua mche wenye shina nene kama penseli. Jembamba zaidi hupasuka ovyo.

2. Chukua kikonyo (kijiti cha aina unayoitaka) kwenye mti ambao embe lake umelionja. Majani mazuri si ushahidi.

3. Pukuta majani ya kikonyo siku 7 hadi 10 kabla ya kukikata, macho yavimbe.

4. Vifunge vikonyo kwenye kitambaa kibichi. Jua la bodaboda kutoka Mikumi hadi Kilosa linatosha kuviua.

5. Chonga mwisho wa kikonyo uwe kabari kwa kisu kikali, mkato mmoja, na usiguse kidonda kwa vidole.

6. Pasua shina la mche, chomeka kabari. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, linganisha maganda upande mmoja. Wengi hukiweka katikati kipendeze macho, kisha wanalaumu mbegu.

7. Kaza kwa ukanda wa nailoni, funika kwa kifuko, weka kivulini.

8. Usifungue kuchungulia! Machipukizi huchukua wiki 2 hadi 4.

9. Ondoa kila chipukizi linaloota chini ya kiungo. Hilo ni la kienyeji.

10. Mwembe mkubwa uliotafunwa gamba na mbuzi bado unaokolewa: panda miche 2 au 3 kando ya shina, chomeka ncha zake kwenye gamba zima juu ya kidonda, mizizi yake ilishe mti.

11. Hamishia shambani wakati wa masika, kiungo kikiwa juu ya udongo.